Mtani Aliyeitwa Mulozi

4 Novemba
Mvua ya kwanza ya maana. Imeingia ofisini kwa mlango wa nyuma, ikalowanisha daftari za mwaka wa tatu, na mkurugenzi akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeileta. Mimi ni sekretari wa shule hapa Makomeno, na kazi hiyo ndiyo inayonilisha. Lakini kazi ninayoipenda iko kwenye simu. Ninafagia ukurasa wa Constantin.

Consta Mwana wa Lubum, yaani wa mji wetu huu, ndivyo anavyojiita, na watu elfu themanini na tatu wanamfuata. Yeye anapiga video, mimi ninasoma maoni, nafuta matusi ya nguoni na kuwafungia mlango wahuni. Mwaka jana alionyesha mbao mbovu ambazo watoto wa mtaa wetu kule Kampemba walikuwa wakivukia mtaro, na wiki ile ile mbao mpya zililetwa. Nani mwingine hapa mjini amefanya hivyo kwa simu tu? Tena ni wa ukoo wetu, ukoo wa Samaki, kwa upande wa mama yake. Ananiita yaya Falonne, yaani dada mkubwa. Ninajivunia, sioni haya kuandika hivyo.

9 Novemba
Ameweka video ya mwanamke mnene aliyeteleza sokoni na kukaa katikati ya matope. Maoni mia tano. Nimefuta mawili. Mengine nimeyaacha kwa sababu yalikuwa yanachekesha. Mmoja aliandika kwamba matope ndiyo yanayostahili kupewa pole. Chini yake nikaweka vikaragosi vitatu vya kucheka, kwa jina langu, na neno «modératrice», yaani msimamizi wa maoni, likiwa pembeni.

13 Novemba
Hakuna umeme. Hakuna ukurasa. Nimekunywa chai na kulala.

20 Novemba
Mjomba David amefariki asubuhi hii. Ndiye aliyenilea tangu nikiwa na miaka sita. Alifanya kazi kwenye reli miaka thelathini na moja, na hakuwahi kunipiga hata siku moja. Siwezi kuandika zaidi.

22 Novemba
Tumemzika. Nataka kuandika yote, maana ilikuwa siku nzuri, na najua ni ajabu kusema hivyo.

Sisi wa Samaki watani wetu ni watu wa ukoo wa Mamba. Banungwe, ndivyo tunavyowaita. Mamba anamla samaki, kwa hiyo tukifiwa wao ndio wanaokuja kutucheka, kumtukana marehemu, kuvaa nguo zake na kuufungia mwili njia mpaka tuwape kitu. Wakifiwa wao, zamu ni yetu. Mume wa Mama Chileshe, mtani wetu wa Mamba, alipokufa, Mjomba David alikwenda kwenye kilio akiwa amebeba kikaango na chupa ya mafuta, akiuliza mkia wa mamba uko wapi. Mama Chileshe alicheka siku ile akiwa na machozi hadi shingoni.

Leo ilikuwa zamu yake. Ni mwanamke wa miaka sitini na kitu, mrefu, anauza munkoyo sokoni Kampemba, kile kinywaji cha mahindi na mizizi. Alifika na kofia ya reli ya Mjomba kichwani, sijui aliiiba saa ngapi. Akalipiga jeneza kofi mara tatu.

«David! Unalala? Njo kazi yako, kulala! Train inapita, weye unalala!»

Watu wakaanza kucheka. Yeye akajilaza getini, chali, kwenye matope, na kitenge chake kizuri.

«Miaka makumi ine minamungojea huyu samaki anone, leo banamufunga mu sanduku bila kunionjesha! Bamufungue! Nikule ata kichwa!»

Shangazi Albertine, mjane wa Mjomba, ambaye alikuwa hajala siku mbili, alichukua beseni akaanza kulipiga kama ngoma. Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini. Tulipompa jogoo, Mama Chileshe akasimama, akavua kofia, akaiweka juu ya jeneza na kulishika kidogo kwa mkono mmoja. Kisha akanigeukia: «Na weye dagaa, unalialia nini? Hauna ata nyama ya kukula.» Hapo ndipo nilipolia kweli, na ilinifaa.

Constantin naye alikuja. Mimi ndiye niliyemwalika. Alileta maua na akapiga video kwa simu yake. «Ni souvenir, ya kukumbuka, yaya,» aliniambia. Nikamshukuru.

24 Novemba
Ameiweka kwenye ukurasa.

Sekunde hamsini na moja. Ameondoa vicheko. Ameondoa beseni la Shangazi, ameondoa jogoo, ameondoa ule mkono juu ya jeneza. Kimebaki kitu kimoja tu, mwanamke mwenye matope analipiga jeneza kofi na kusema bamufungue nikule. Juu ameandika kwa herufi kubwa: HUYU MAMA ANATAKA NINI NA MAITI?

Nanakili haya ili nisije nikajidanganya baadaye kwamba hayakuwa mabaya kiasi hicho. «Mulozi anajisema yeye mwenyewe.» «Alikula mutu, sasa anatafuta kichwa.» «Ile macho yake, angalia muzuri.» «Anauzisha wapi? Batuonyeshe.» Na wa mwisho, mwenye picha ya Bikira Maria kwenye wasifu wake: «Zamani balikuwa banabachoma.»

Mulozi ni mchawi, na katika mji huu neno hilo halisemwi kwa kucheza. Limewahi kufukuza watu kwenye nyumba walizojenga wenyewe.

Nimefuta mia moja arobaini. Nilipomwandikia Constantin, alijibu: «Yaya iko inatembea!!! Usifute sana, inapunguza.»

25 Novemba
Nimekwenda kwake. Anaishi na mama yake, Mama Myriam, mgonjwa wa sukari ambaye miguu yake imevimba hadi havai tena viatu. Mama wa watu alikuwa amekaa barazani, akanibariki na kuniuliza kama nimekula.

Constantin alikuwa chumbani na simu mbili.

«Toa ile video,» nikamwambia.

«Yaya, mi sikusema ni mulozi. Minauliza tu question.»

«Jibu unalijua. Uko Samaki kama miye.»

«Minajua. Lakini bale ba Kinshasa, bale ba Mpoto, kule Ulaya, beye banajua nungwe ni nini? Nikianza kueleza, video inakufa. Bantu hawapendi masomo.»

«Na Mama Chileshe?»

«Ba Chileshe hawana ata telefone ya maana. Hawataona.»

Nilimtazama. Ana miaka ishirini na tisa, ana uso mzuri, uso ule ule niliouamini aliposimama kwenye mtaro na kusema watoto wetu si panya. Nilitaka kumzaba kibao. Mama Myriam akaita kutoka nje: «Munagombania nini, batoto?» Constantin akajibu kwa sauti ya asali kwamba tunacheka tu.

Aliniahidi kwamba kesho ataandika maelezo. Nikaamini, mjinga mimi.

26 Novemba
Hakuandika maelezo. Amechukua lile swali la «anauzisha wapi» na kulibandika juu kabisa, mahali ambapo kila anayefungua analiona kwanza.

27 Novemba
Nimejaribu kufuta, simu ikakataa. Mimi si modératrice tena. Ujumbe wake: «Repos kidogo yaya, uko na deuil.»

Ananipa likizo ya msiba, na msiba wenyewe anaula yeye.

2 Desemba
Sokoni. Ndoo ya Mama Chileshe ilikuwa imejaa hadi mdomoni, saa tisa alasiri, siku ya joto. Kushoto kwake mwanamke mwingine anauza munkoyo mbaya, mwepesi, na watu walikuwa wamejipanga.

«Dagaa,» akaniita. «Kuya. Unywe, ao weye pia unaogopa nitakukula?»

Nilikunywa vikombe vitatu mbele ya watu.

«Banasema niko star,» akasema. «Bantu banapita, bananionyesha kidole, banapiga photo. Ata moja hanunui.»

Alikuwa bado anacheka. Munkoyo haukai zaidi ya siku mbili, unachacha. Niliposimama niondoke alikuwa anaimwaga ndoo nzima kwenye mfereji, na mwanamke jirani akasogeza kiti chake ili usimrukie. Sikumwambia kwamba mimi ndiye niliyemwalika yule kijana kwenye kilio.

8 Desemba
Mvua. Mvua. Mvua.

15 Desemba
Kwenye kikundi cha akina mama parokiani wamemwomba Mama Chileshe apumzike mpaka maneno yatulie. Ameimba sauti ya pili pale tangu mimi ni mtoto. Shangazi Albertine alikuwepo. Shangazi wa beseni. Walipomuuliza mbele ya wote kama kweli ulikuwa utani, alitazama mikono yake.

Nilimfuata mpaka nyumbani kwake.

«Ungesema neno moja tu!»

«Nilikuwa na uchungu ile siku, Falonne. Sikuona muzuri.»

«Ulipiga beseni! Ulicheka mpaka kilemba kikaanguka!»

«Banasema bale benye balicheka, njo alibaroga ili bacheke.» Alisema hivyo taratibu, akimenya viazi. Kisha akaongeza: «Miye niko mujane. Niko na maneno yangu ya kutosha.»

Nilikuwa ninampenda. Sasa nikimwona naona mtu anayemenya viazi.

24 Desemba
Misa. Mama Chileshe alikaa benchi la nyuma kabisa, na benchi zima likawa lake.

3 Januari
Wamemtupia mawe juu ya bati, mchana kweupe, na kwenye mlango wameandika MULOZI kwa mkaa. Nilikwenda na sabuni. Mkaa hautoki kwenye mbao mbichi, unaenea tu.

Kiki, binti yake mkubwa anayefundisha shule ya watoto wadogo, alinifungulia. Hakuniambia niingie. Akasema mama yake hajui kusoma vizuri, hivyo amemlazimisha amsomee maoni yote. Siku tatu wamekaa mezani, binti anasoma, mama anasikiliza. Kila Kiki akiruka moja, mama anajua, anasema rudi nyuma.

«Na yako tulisoma,» Kiki akasema.

«Ipi? Miye sikuandika kitu juu ya mama.»

«Ile ya mama munene wa mu matope. Mama alisema nishuke mpaka chini, nimusomee na video za zamani. Akauliza, kumbe Falonne njo mwenye kuchunga hii nyumba? Nikasema ndiyo. Akauliza, njo yeye alimuleta huyu Constantin kwa kilio? Nikasema sijui.» Akanitazama. «Ni weye?»

Nikasema ndiyo. Akachukua sabuni mkononi mwangu, akashukuru, na kufunga mlango.

12 Januari
Nimeandika maelezo mimi mwenyewe chini ya video. Nimeeleza Samaki na Mamba, kikaango cha Mjomba, jogoo, yote. Mistari ishirini. Jibu la kwanza: «Weye pia uko mulozi.» Watu mia tatu wamelipenda. Constantin ametia moyo mwekundu kwenye maelezo yangu, kisha akatia mwingine kwenye lile jibu. Yeye anatia moyo kila kitu. Anasema ndivyo ukurasa unavyoishi.

Nakumbuka nilivyokuwa nikisema kwamba Constantin ni mwema ila mashabiki wake ndio wabaya. Upuuzi. Mtu anayewalisha anajua wanakula nini. Na kijakazi wake, yaani mimi, alijua pia, ila zamani chakula kilikuwa mama mwingine.

19 Januari
Inswa wametoka baada ya mvua, kumbikumbi wanene. Mtaa mzima uko nje na mabeseni. Nyumba ya Mama Chileshe imefungwa.

1 Februari
Uyoga umejaa barabarani. Mama Chileshe haendi tena sokoni. Mahali pake ameketi yule wa munkoyo mwepesi, na sasa ana ndoo mbili.

16 Februari
Mama Myriam, mama yake Constantin, amefariki jana hospitalini.

Constantin alikuja kwangu leo mchana chini ya mvua kubwa. Nilimwona dirishani. Nilimaliza chai yangu kwanza, polepole, nikasuuza kikombe, nikakifuta, ndipo nikafungua. Naandika hivi kwa sababu nilifanya hivi.

«Yaya, banungwe habataki kuya,» akasema. Maji yalikuwa yanachuruzika puani mwake. «Niliita ba Mwila, niliita ba Chishimba. Bote ni Mamba. Banasema bantu batabapiga video, batabaita balozi, bachawi.»

«Basi muzikeni bila mtani.»

«Bamama ba ukoo banakatala. Banasema mama hawezi kutoka mu nyumba kama mbwa, bila nungwe kumufungia njia. Yaya, musaidie. Ba Chileshe banakusikia weye.»

«Banisikie juu ya nini?»

Akaanza kulia. Analia vibaya, kwa makamasi. Nilitamani ningekuwa nimeshika simu, na nilipojisikia natamani hivyo nikachukua mwavuli, tukaenda.

Mama Chileshe alikuwa anapepeta mahindi. Amekonda. Alimsikiliza Constantin mpaka mwisho bila kumkatiza. Constantin aliposema pardon, yeye aliendelea kupepeta. Alipomtaja marehemu mama yake, Mama Chileshe aliinua macho.

«Mama Myriam alikuwa ananunuaka munkoyo kwangu mbele ya sukari kumushika,» akasema. «Mazishi ni siku gani?»

«Kesho kutwa, mama.»

«Nitakuya.»

Constantin alimshika mikono kwa furaha. Yeye akaiacha ishikwe.

18 Februari
Jua kali baada ya mvua, tope linanuka. Ua ulijaa. Watu wa ukoo wetu walikuwa mbele, majirani nyuma, na simu zilikuwa juu kila mahali, kwa sababu habari ilikuwa imeenea kwamba mulozi wa Consta anakuja kucheza.

Akaja. Alikuwa amevaa kitenge cha kijani kilichopigwa pasi, kilemba kimefungwa vizuri. Watu wakampisha. Bibi mmoja wa Samaki, Bibi Mukuka, ambaye ana meno mawili, alikuwa ameshaanza kutabasamu akingojea tusi la kwanza.

Mama Chileshe akapiga magoti kando ya jeneza. Akaanza kulia. Si kilio cha mchezo. Alilia kwa machozi, kwa sauti ya chini, akijifuta na leso nyeupe.

«Mama Myriam, ulikuwa mama muzuri,» akasema. «Mungu akupokee. Pole sana, famille.»

Tukangoja. Tulidhani ni mwanzo wa mzaha. Bibi Mukuka akamwambia kwa kunong'ona, «Chileshe, cheza. Tutukane, mwanangu. Fungia samaki njia.»

«Pole, mama,» Mama Chileshe akamjibu, akamshika mkono kama unavyomshika mtu ambaye humjui. «Pole sana.»

Kisha akaenda kukaa kwenye viti vya wageni.

Kwa mtu asiyejua hakuna kilichotokea. Lakini mtani anayekulilia kwa adabu amekutangaza mbele ya watu kwamba wewe si samaki wake, hufai hata kuliwa. Jeneza lilitoka. Geti lilikuwa wazi, hakuna aliyelala, hakuna aliyezuia. Wanaume waliolibeba walipofika pale walipunguza mwendo kwa mazoea, wakasimama kidogo, wakangoja, kisha wakaendelea. Bibi Mukuka alijifunika uso kwa kitambaa. Constantin aliinamisha kichwa mpaka jeneza likapita.

Nilifurahi. Ilikuwa furaha mbaya na tamu. Mama Myriam hakumkosea mtu yeyote duniani, na nilimwona akitolewa hivyo, nikafurahi.

20 Februari
Video ya mazishi imetapakaa, sijui nani aliipiga. Maoni elfu nne. «Mungu amemugusa huyu mama.» «Alitubu, muone machozi.» «Sasa njo mama wa heshima.» «Consta alimusamehe, quel cœur, moyo gani huo.» Mwenye picha ya Bikira Maria ametuma mikono inayopiga makofi.

Wanamsifu kwa tusi kubwa kuliko yote aliyowahi kutoa. Constantin anajua. Mji mzima unamwonyesha jinsi mama yake alivyodharauliwa, tena wanampongeza, na hawezi kusema neno, kwa sababu akisema itambidi aeleze utani, na akieleza utani itambidi aeleze zile sekunde hamsini na moja.

Saa kumi alinirudishia ufunguo wa ukurasa. «Yaya futa zote, na link za ile video. Unajua vile inasema. Siwezi kuzisoma.»

Sikufuta hata moja. Nilizisoma zote, nikitia moyo mwekundu kila moja, mpaka kidole kikauma.

2 Machi
Mvua zinaanza kuchoka. Baada ya misa nimepita sokoni, na Mama Chileshe amerudi mahali pake, mstari wa wateja unafika kwa muuza mkaa. Wanamwita mama wa heshima. Wanataka kupiga naye picha, naye anakubali, anasimama wima bila kucheka.

Nilijipanga. Nilikuwa na hamu ya kumwambia kwamba sikufuta, kwamba nilikuwa upande wake. Zamu yangu ilipofika nikaanza kama zamani: «Mamba weye, meno imebakia ngapi mu ile kinywa? Bado unaweza kutafuna dagaa?»

Hakucheka. Alichukua kikombe, akakisuuza mara mbili, akakijaza na kunipa kwa mikono miwili.

«Kunywa, Madame Falonne.»

Hajawahi kuniita Madame maishani mwake.

«Mama, nitukane,» nikasema kwa sauti ya chini. «Nilikosa. Miye njo nilimuleta. Nitukane tu.»

«Hapana, Madame. Hakuna maneno.» Alinitazama kwa upole mtupu, ule wa kumtazama mgeni. «Mungu akubariki na kazi yako. Na siku utakufa, nitakuya. Nitavaa muzuri. Nitakulilia sana.»

Nikabaki nimeshika kikombe. Nyuma yangu mteja mmoja akamgusa mwenzake bega na kusema, «Unasikia vile anaongea na bantu? Huyu mama iko na adabu kweli, vraiment.»